Nimeweka "chipu" kwenye sensa ya hewa ya Allion: asubuhi linavuta, mchana linalia kokoto

Baba Kuruthumu
Wakuu, habari za majukumu. Mimi si fundi, ni dereva tu mwenye kiherehere, kwa hiyo mtanivumilia nikikosea majina ya vitu.

Nina Allion ya 2004, injini 1NZ, CC 1500. Ni gari langu la kazini, Tegeta mpaka Posta na kurudi, na mara mbili tatu kwa mwaka tunapanda nalo Iringa kwa wakwe. Mateso yangu yote ni mlima wa Kitonga. Likiwa na watu wanne na magunia nyuma, linapanda kwa huruma ya Mungu. Lori la kontena nalifuata kwa heshima zote mpaka juu.

Wiki tatu zilizopita nikakutana na tangazo mtandaoni, jamaa anauza chipu ya kuongeza nguvu. Unaifunga kwenye sensa ya joto la hewa inayoingia kwenye injini, kompyuta inaamini hewa ni ya baridi, inawahisha cheche, inaongeza mafuta, unapata "farasi 15 za bure". Elfu 40. Nikalipa. Fundi wa mtaani akachomoa betri, akakata waya mmoja kwenye soketi ya sensa, akaunga, akavuta tepu. Dakika kumi.

Sasa kinachonichanganya. Alfajiri nikitoka nyumbani linavuta kweli, hata mke wangu kasema. Mchana kwenye jua, nikitoka kwenye foleni ya Mwenge na kukanyaga mafuta, nasikia mlio mdogo kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo la maziwa. Sekunde mbili tatu unakata, halafu gari linakuwa zito kuliko hata zamani. Taa ya injini haijawaka. Kituo cha mafuta ni kile kile.

Kuna mwenye uzoefu, au nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Mla Lami
Farasi 15 za bure kwa elfu 40. Mkuu, bure gani ina bei?

Mzuka wa Spidi
Chipu inafanya kazi, acheni roho mbaya. Mimi niko Mbeya, nimeiweka kwenye Runx mwaka wa pili huu, sijasikia kokoto wala mchanga. Tatizo lako ni plagi au mafuta mabaya. Badilisha plagi uone.

Fundi Waya
Baba Kuruthumu, kabla hatujaenda mbali: hicho kidude kipasue. Chukua wembe, toa hiyo plastiki nyeusi, uniambie ndani kuna nini. Na usilikanyage gari kwa nguvu mchana mpaka tumalize mazungumzo.

Huo mlio wa kokoto si "kunoki" kule tulikozoea mtaani, kwamba beringi za koneti (mikono ya pistoni) zimekwisha. Ni sehemu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta kulipuka yenyewe kabla ya zamu yake, moto wa cheche ukiwa bado haujaifikia. Ukiuacha uzoeleke ndipo utafika kwenye ule mwingine.

Baba Kuruthumu
Nimepasua. Wakuu, nimeishiwa maneno. Ndani kuna rezista MOJA, ile ya kwenye redio za zamani, ya kahawia, mistari mitatu myekundu na mmoja wa dhahabu. Vilivyobaki vyote ni gundi.

Mla Lami
😂😂😂 Elfu 40 ya gundi.

Kijana wa Gerezani
Nyekundu, nyekundu, nyekundu ni 2.2 kilo ohmu. Kariakoo unapewa kwa shilingi 200, na ukiwa na lugha nzuri unaongezewa ya pili.

Fundi Waya
Nilijua. Haya, tulia nikueleze, maana ukielewa hapa hutaibiwa tena.

Kompyuta ya gari haijui joto. Inajua volti tu. Sensa ya joto la hewa ni kipande ambacho ukinzani wake wa umeme unashuka hewa ikipata moto na unapanda hewa ikipoa. Kwenye 1NZ yako hukioni kwa nje, kimejificha ndani ya ile sensa ya hewa ya MAF, yenye soketi ya nyaya tano, baada ya boksi la eya klina. Nyaya tatu ni za kupima wingi wa hewa, mbili ni za joto, kwenye mchoro zimeandikwa THA na E2. Fundi wako alikata THA.

Vipimo vya Toyota kwa sensa hizi: hewa ikiwa nyuzi 20, ukinzani ni kati ya kilo ohmu 2.21 na 2.69. Ikiwa nyuzi 60, unashuka mpaka kati ya 0.49 na 0.67. Hiyo rezista imeungwa kwa mfuatano, kwa hiyo inaongeza 2.2 ile ile muda wote, iwe baridi iwe joto. Sasa angalia inavyocheza.

Alfajiri hewa iko nyuzi 28. Sensa peke yake ingesema kama 1.8. Jumlisha 2.2, unapata 4, na kwa kompyuta hiyo ni hewa ya nyuzi 8 au 9. Umeidanganya kwa nyuzi 20 hivi.

Mchana kwenye foleni, ndani ya boneti hewa inafika 60. Sensa ingesema 0.6. Jumlisha 2.2, unapata 2.8, na kompyuta inasoma nyuzi 17. Hapo umeidanganya kwa nyuzi 43.

Umeona? Kadiri hewa inavyozidi moto ndivyo uongo unavyokuwa mkubwa. Na ina kikomo: hata sensa ingefika sifuri kabisa, bado inabaki ile 2.2, ambayo ni kama nyuzi 22 au 23. Yaani gari hilo ukilipaki jehanamu, kompyuta itaandika "leo kuna kaubaridi ka Lushoto".

Kazi ya kusoma joto la hewa ni nini hasa? Hewa ya moto ndiyo inayoleta huo mlipuko wa mapema. Kompyuta ikiona joto inachelewesha cheche kidogo kuilinda injini. Wewe umeinyima habari hiyo saa ile inapoihitaji kuliko zote. Inabaki ile sensa ya kugonga inayosikiliza mlio kwenye bloku. Ikisikia kokoto inachelewesha cheche kwa nguvu, ndiyo maana mlio unakata na gari linakuwa zito. Sensa hiyo inasikiliza ajali ikishatokea, haizuii.

Baba Kuruthumu
Nimesoma mara tatu. Na alfajiri je? Mbona linavuta?

Fundi Waya
Mambo mawili. Kwanza alichomoa betri, kompyuta ikasahau masahihisho yote ya mafuta iliyojifunza, kwa siku chache gari linaonekana jipya. Pili, mtu akilipa elfu 40 mguu wenyewe unaongeza mafuta.

Na ile habari ya kuongeza mafuta kwa gari lako haina mashiko. MAF inapima hewa kwa jinsi hewa hiyo inavyoipoza waya iliyopashwa moto, inapata uzito wa hewa moja kwa moja. Kiasi cha mafuta kinatoka hapo, sensa ya joto inachangia kidogo mno. Ukienda mwendo wa kawaida, sensa ya egzosi inarudisha mchanganyiko kwenye 14.7 kwa 1, hewa kwa mafuta, hata ufanye nini.

Mama wa Carina
Naomba niingie hapo. Mimi nina Carina ya zamani, injini 5A, haina MAF, ina ile sensa ya presha kwenye manifodi na sensa ya joto iko peke yake kwenye eya klina. Mdogo wangu aliniwekea rezista kama hiyo. Kwangu haikulia kokoto, ilikunywa! Moshi mweusi ukiwasha asubuhi, plagi zikitolewa nyeusi kama zimepakwa masizi ya chungu. Alisema ndiyo nguvu inaingia. Nguvu iliingia kwenye kituo cha mafuta.

Fundi Waya
Mama umemaliza. Injini za sensa ya presha zinapiga hesabu ya uzito wa hewa kwa kutumia presha na joto. Ukidanganya joto, kompyuta inaamini hewa ni nzito, inamwaga mafuta kwa hewa ambayo haipo. Mwendo wa kawaida sensa ya egzosi inajaribu kusahihisha, ila ukiwasha injini ya baridi au ukikanyaga mpaka chini, haiulizwi.

Mzuka wa Spidi
Mnaongea nadharia. Gari langu linatembea. Njooni Mbeya muone.

Fundi Waya
Mzuka, sibishi kwamba husikii mlio. Mbeya iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na baridi yake tunaijua. Hewa ya huko ni nyepesi, presha ndani ya silinda ni ndogo, injini haiko karibu na kugonga. Na hewa ikiwa baridi uongo wa rezista unapungua. Shuka nalo Dar mwezi wa kwanza, panga foleni ya Ubungo saa nane mchana, halafu urudi hapa.

Jamaa wa Kirinyaga Road
Salamu kutoka Nairobi. Hii maneno ya chipu ilitusumbua sana huku, hasa vijana wa Forester za turbo. Kitu watu hawajui, kwa hizo gari sensa ya joto iko ndani ya MAF, kabla hewa ifike kwa turbo. Turbo ikishafinya hewa inakuwa moto mbaya, na hiyo joto sensa haiioni kabisa. Kwa hivyo kompyuta tayari inakisia, na wewe unaiongezea uongo juu yake. Beshte yangu aliweka, akapeleka gari Nakuru akikanyaga yote. Ilirudi kwa breakdown, pistoni ya silinda moja imevunjika pale pete zinakaa. Fundi alimpea kipande akaweka kwa dashbodi kama ukumbusho.

Ukiwa na turbo usijaribu. Kama unataka nguvu, tafuta mtu wa kuandika programu ya kompyuta vizuri, akiwa na mashine ya kupima nguvu na kipimo cha mchanganyiko kwa egzosi. Hiyo si pesa ya chipu, lakini pia si pesa ya injini.

Chausiku wa Kigamboni
Swali la kijinga: si bora uchomoe tu sensa, kompyuta ikose pa kusoma?

Fundi Waya
Si la kijinga hata kidogo. Kwenye Toyota za aina hii, waya wa joto ukikatika kompyuta inawasha taa ya injini, kodi ya hitilafu P0110 au P0113, kisha inajipangia kwamba hewa ni nyuzi 20 na kuendelea na safari. Nyuzi 20! Kwa hiyo chipu ya elfu 40 mchana wa Dar inakupa nyuzi 17, na kukata waya bure kunakupa 20. Tofauti ni kwamba mwenye chipu hawashiwi taa, hivyo hajui kama anaumwa.

Kwa 1NZ usichomoe soketi yote, utakuwa umetoa na kipimo cha hewa. Gari linaweza kuzima likikanyagwa.

Baba Kuruthumu
Nimerudi. Jana Jumamosi nilimwomba fundi umeme mmoja wa Tabata mashine yake ya kusomea, tukaing'oa rezista na kuunga waya kwa muda, tukazunguka mjini mimi naendesha yeye anasoma.

Bila rezista: tukiwa tunatembea barabara ya Mandela inasoma 52. Kwenye foleni ya Buguruni, 61. Nje ilikuwa 32. Tukairudisha rezista kwa makusudi, hapo hapo ikaandika 16, 17, na haikuvuka 18 hata tulipokaa kwenye foleni robo saa. Hesabu za Fundi Waya zimenyooka kama rula.

Rezista nimeitoa moja kwa moja. Kokoto zimekoma. Ila Kitonga yangu iko pale pale.

Fundi Waya
Ngoja. Rudia hapo. 52 ukiwa unatembea, nje 32? Hiyo si sawa. Foleni nakubali, lakini gari likiwa kwenye mwendo sensa inatakiwa ikaribie joto la nje, izidi kidogo tu. Nyuzi 20 juu ni nyingi. Gari lako linavuta hewa kutoka wapi?

Kijana wa Gerezani
Fungua boneti utazame mdomo wa boksi la eya klina. Kuna bomba la plastiki jeusi, pana kama kiganja, linatoka pale mpaka mbele karibu na taa. Lipo?

Baba Kuruthumu
Halipo.

Wakuu, halipo kabisa! Boksi liko wazi, mdomo wake unatazama nyuma ya rejeta, upepo wote wa feni unaingia humo. Nimelinunua hivi hivi, mwaka wa nne huu, kila fundi aliyebadilisha eya klina amefungua hapo na kufunga bila kusema neno. Kuna alama mbili za boliti ambapo bomba lilikuwa limekaa.

Mla Lami
Kwa hiyo sensa ilikuwa inasema kweli miaka minne, wewe ukamlipa mtu elfu 40 aizibe mdomo. Nimejifungia chooni nacheka, niko kazini.

Fundi Waya
Hapo sasa ndipo nguvu zako zilipo. Hewa ikitoka nyuzi 32 kwenda 52, uzito wake unapungua kama asilimia 6. Kwenye 61 inakaribia asilimia 9. Injini ya farasi 109 ikikosa asilimia 6 ya hewa, piga mwenyewe. Na kompyuta, kwa kuwa ni mkweli, ikachelewesha cheche juu yake. Tafuta bomba, la mtumba linatosha. Hakikisha lina ule mpira wa kuziba pale linapoungana na boksi.

Ukiwa hapo, itoe na MAF uisafishe. Skrubu mbili tu. Tumia dawa yake maalumu ya sensa ya hewa, nyunyiza kwa umbali, acha ikauke yenyewe angalau dakika 10. Usiguse ule uzi kwa kidole, pamba wala kijiti cha masikio, ni mwembamba kuliko unywele. Dawa ya kusafishia kabureta usiisogeze karibu. Na kama una zile eya klina za pamba za kupaka mafuta, usizichovye mpaka zichuruzike, mafuta yanarukia uzi na MAF inaanza kusoma pungufu.

Baba Kuruthumu
Mrejesho. Bomba nimelipata Gerezani, la Premio, linaingia bila kulazimisha. Aliniambia elfu 35, tukamalizana 18. Ufa kidogo upande mmoja, nimeuziba.

MAF nayo ilikuwa na vumbi limeganda kama ukungu wa kahawia. Fundi wa Tabata akaniambia kabla ya kusafisha kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta asilimia 13 ili kufidia, baada ya kusafisha na kutembea siku tatu imeshuka mpaka 3. Hiyo 13 sikuielewa vizuri.

Fundi Waya
MAF chafu inaona hewa kidogo kuliko iliyoingia, kompyuta inatoa mafuta kidogo, sensa ya egzosi inalalamika mchanganyiko mwembamba, kompyuta inaongeza. Ikifika huko juu zaidi ndipo unawashiwa P0171. Ulikuwa njiani.

Baba Kuruthumu
Nimetoka Iringa juzi. Nilikuwa nimeazima ile mashine, mtoto anasoma namba kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Ruaha Mbuyuni jua kali, nje 36, sensa inasema 40. Tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya lori la saruji, mwendo wa konokono, ikapanda mpaka 47. Tulipopata nafasi nikashusha gia, nikakanyaga, ikaanza kurudi: 46, 44, 41. Hakuna kokoto.

Je, nimepanda kama ndege? Hapana. Bado ni CC 1500 na magunia yale yale, na huko juu hewa yenyewe inakuwa nyepesi. Ila zamani nilikuwa namalizia kona za juu kwa gia namba moja, safari hii namba mbili ilitosha isipokuwa kona moja, na lori nililipita.

Swali la mwisho Fundi Waya. Ule waya wa THA bado umeungwa kwa kusokota na tepu. Niuache?

Fundi Waya
Usiuache. Tepu kwenye joto la boneti inaachia gundi, shaba inaota kutu ya kijani, kutu nayo ni rezista, utajikuta na chipu nyingine bila kununua. Menya ncha zote mbili mpaka uone shaba inayong'aa, vesha kwanza kile kibomba cha plastiki kinachosinyaa kwa moto, piga lehemu, kisha kisogeze juu ya kiungo ukipashe kwa kiberiti cha gesi kwa mbali. Ukimaliza, asubuhi kabla hujawasha pima THA na E2 upande wa kompyuta, sensa ikiwa imechomekwa na swichi imezimwa: kwa nyuzi 28 namba iwe karibu na 1.8. Hapo mzunguko wa kompyuta unaweza kuivuta kidogo, kwa hiyo pima na kwenye pini za sensa yenyewe ikiwa imechomolewa, ulinganishe.

Chausiku wa Kigamboni
Na hilo bomba la Premio lilikuwa duka la upande gani pale Gerezani? Nimefungua boneti yangu sasa hivi, na mimi sina.